Pale Paa Linapokutana na Ukuta

Mwisho wa barabara ya vumbi palikuwa na nyumba ya mbao yenye tabia ya kupumua. Jua lilipochomoza, mbao zake zilijinyoosha na kutoa mlio mdogo, kama mtu anayealisha vidole. Jua lilipozama zilijikunja tena. Upepo ulipopita barazani, nyumba nzima iliimba kwa sauti ya chini, na waliolala ndani waliota kwamba wamebebwa mgongoni. Seremala mwenye nyumba hiyo aliijenga kwa mikono yake mwaka aliozaliwa binti yake wa pekee. Binti akakulia humo, asijue kama duniani kuna nyumba zisizosema.

Binti huyo aliolewa na mwashi. Alikuwa kijana hodari. Yeye na mwiko wake walikuwa kama chanda na pete. Walianza maisha katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mbao, wakapata humo mtoto wa kike. Lakini misimu ya mvua ilikuja na upepo, na kila mwaka upepo ulikuwa mkali kuliko wa mwaka uliotangulia. Mwashi alimtazama mwanawe aliyelala, akasikia mbao zikilia, akaapa kwamba mtoto yule atalala mahali ambapo upepo haumfikii. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

"Baba, nyumba yako inakoroma," alimtania mkwewe asubuhi.

"Anayekoroma yu hai," seremala alijibu. "Hizo zenu za tofali zimenyamaza kabisa. Mimi sijui kama zimelala au zimekufa."

Walicheka wote. Siku hizo utani ulikuwa bado utani.

Seremala akamkatia mkwewe kipande cha kiwanja chake, hatua ishirini kutoka barazani. Mwashi akafyatua tofali mwenyewe, akazichoma mwenyewe, akazipanga moja baada ya nyingine kwa timazi na pimamaji. Kuta zilipanda taratibu, nyekundu, zimenyooka kama mistari ya daftari jipya. Mkewe alikuja jioni na mtoto mgongoni, akaegemeza shavu kwenye tofali lililohifadhi joto la mchana. Ilikuwa kama kuegemea bega la mtu mpole.

Makubaliano yalikuwa wazi: ukuta ni kazi ya mkwe, paa ni kazi ya baba. Kwa hiyo kuta zilipofika juu, seremala alikuja na fungu la mikanda ya chuma begani, akatazama kozi ya mwisho, safu ya juu kabisa ya tofali, akashusha mzigo wake chini.

"Mkwe wangu, umenitangulia. Mikanda hii ilitakiwa ijengewe humo humo ukutani, kozi nne kabla ya juu. Halafu ndiyo ishike paa."

"Baba, ukuta huu ni mzito kuliko kifaru."

"Mzito, sawa. Bomoa kozi nne tu. Kesho jioni tutakuwa tumemaliza."

Vibarua wawili waliokuwa wakichanganya saruji waliacha kazi wakasikiliza. Pengine wasingekuwepo, mwashi angekubali. Lakini kubomoa ukuta wake mbele ya watu! Akacheka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Tofali halifungwi kamba kama mbuzi, baba. Litakwenda wapi?"

Vibarua wakaangua kicheko. Seremala hakucheka.

"Sifungi tofali. Nafunga paa. Upepo hausukumi tu, unanyanyua."

"Huo ni upepo wa nyumba za mbao."

Seremala aliinama, akajitwika mikanda yake, akasema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Basi paa litafute fundi mwingine." Akaenda zake, hatua ishirini, bila kugeuka.

Mwashi alipaua mwenyewe. Alilaza mbao ndefu juu ya kuta, akazipigilia misumari kwenye saruji, akasimamisha makombamoyo ya kubeba paa na kuezeka mabati. Kwa mbali paa lilipendeza, nao wakahamia. Ila mbao na ukuta havikulaliana sawasawa, na upande wa chumba cha kulala palibaki mwanya mwembamba wa kupitisha ukucha. Asubuhi mwanya ule uligeuka uzi wa dhahabu. Mtoto aliufuata kwa macho, akaunyooshea mikono, akacheka. Mama yake aliupenda uzi ule kiasi kwamba hakumwambia mtu yeyote auzibe.

Mwanamke yule alikuwa katikati kama daraja. Alimpelekea baba yake chai, akarudi kumpa mumewe maji ya kuoga.

"Mwambie babako bawaba ya dirisha imekaza."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje anaranda mbao, unamwona."

"Ana kazi, nisimsumbue."

Na kule barazani: "Mumeo anakula vizuri? Naona kakonda."

"Baba, si umuulize?"

"Aa, mwache mwenye nyumba yake."

Basi ikaja alasiri ile. Tangu asubuhi redio ilikuwa ikionya kuhusu upepo mkubwa. Anga likawa na rangi ya shaba iliyochakaa, ndege wakapotea, majani ya miti yakasimama tuli kana kwamba yanasikiliza. Seremala alitoka barazani, akaita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu.

"Njooni huku! Mleteni mtoto huku!"

Mwashi naye akatokea mlangoni kwake. "Njoo wewe, baba! Tofali haliendi popote!"

Kila mmoja alimwita mwenzake kwa moyo mweupe, na kila mmoja akakataa. Mwanamke alisimama na mtoto kifuani, akitazama huku na huku. Mwishowe aliingia kwa mumewe, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kitanda cha mtoto, na kwa sababu kuta zile zilijengwa kwa mapenzi. Yeye aliliona kila tofali likipanda.

Dhoruba ilipofika, ndani ya nyumba ya tofali palikuwa na utulivu wa ajabu, kama chini ya maji. Mvua ilivuma mbali. Ukuta haukutetemeka hata chembe. Mwashi aliuwekea kiganja akatabasamu. "Unaona? Kimya."

Mtoto akacheka. Alikuwa amelala chali, akiangalia juu, akinyoosha mikono kwenye uzi wake wa mwanga. Mama yake akainua macho pia. Uzi ulikuwa umenenepa, upana wa kidole. Ukafumba. Ukafumbuka tena, upana wa mkono, kama jicho la mtu anayeamka usingizini. Kila upepo ulipovuta pumzi, paa zima liliinuka kidogo, na upepo ulipoitoa, likarudi kukaa. Kulikuwa na uzuri wa kutisha katika jambo lile, na kwa kitambo kifupi mwanamke alitazama tu kama aotaye. Halafu akamnyakua mtoto.

"Baba mtoto, tunatoka. Sasa hivi."

"Ukuta haujatikisika, mke wangu!"

"Sikuulizi habari za ukuta. Tazama juu!"

Mwashi alitazama. Uso ulimshuka. Hakubisha tena, aliwakumbatia wote wawili wakapita kwenye mvua wakiwa wameinama, hatua ishirini zilizokuwa ndefu kama safari. Mlango wa nyumba ya mbao ulikuwa wazi tayari, na seremala ameushikilia kwa mgongo wake.

Walipogeuka, paa la nyumba ya tofali lilikuwa linaondoka. Liliinuka zima zima, polepole, kama kifuniko cha sufuria, likaelea juu ya kiwanja, kisha likaanguka shambani na kukunjika. Pembe ya ukuta iliyokosa cha kuegemea ikaporomokea ndani, juu ya kitanda cha mtoto.

Nyumba ya mbao ililia, ikayumba, ikaguna kama mzee anayepandisha kilima, lakini kila nguzo ilimshika mwenzake mpaka upepo ukachoka.

Mvua ilipopungua majirani walikusanyika. "Tofali ni bure!" mmoja akatangaza. "Mbao ndiyo nyumba!" Mwashi alikaa juu ya kifusi, machozi yakimlengalenga.

"Acheni upuuzi," seremala alisema. "Nyumba ya mbao ya muuza mkaa iko wapi? Si imelala chini, nguzo zimeliwa na mchwa? Na ya tofali ya mwalimu si ile imesimama, paa lake limefungwa?" Akapiga ukuta wa mkwewe kwa ngumi. "Ukuta huu hauna kosa. Sijawahi kuona ukuta ulionyooka hivi."

"Lakini ulinionya, baba," mwashi alisema. "Nikakuchekea mbele za watu."

"Nami nikaondoka na mikanda yangu kwa hasira, huku nikijua mjukuu wangu atalala humo. Nani kati yetu ana akili?"

Kwa miezi mitatu binti alikuwa akipeleka chai na kurudisha maji. Sasa alisema.

"Ukuta ulikuwa na mwenyewe. Paa lilikuwa na mwenyewe. Pale katikati hapakuwa na mtu. Mimi sitamlaza mwanangu tena mahali ambapo hapana mtu."

Wanaume wawili walitazamana kama watoto waliofumaniwa. Kisha mwashi alipanda ukutani na nyundo, akaanza kuibomoa kozi ya kwanza kati ya nne, na mkwewe akasimama chini akizipokea tofali moja moja, akizipanga kwa uangalifu kama mayai. Walianza kubishana papo hapo juu ya urefu wa mkanda, na mwanamke akatabasamu, maana walibishana uso kwa uso.

Tangu siku ile watu wa mtaa ule hawaulizani tena kama nyumba ni ya mbao au ya tofali. Huuliza imeungwaje, na nani alisimama kwenye kiungo. Kwani hata kamba iwe nene namna gani, haitafuti pa kukatikia ila pale palipo pabovu.