Sare ya Kamati ya Ghala

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakishonesha nguo kwa fundi, kijiji kizima kilihifadhi mbegu za karanga katika ghala moja. Ghala hilo lililindwa na kamati ya wakubwa watatu: Bi Twiga kwa macho yake, Mzee Punda kwa masikio yake, na Bwana Fisi kwa pua yake isiyosahau kitu.

Fundi cherehani alikuwa Panya Buku. Kiangazi kilikuwa kimemkaba. Watoto wake saba walishatafuna hata mkanda wa cherehani. Mara tatu alijaribu kuingia ghalani. Mara ya kwanza Punda alimsikia, ya pili Fisi akamnusa, ya tatu Twiga akamwona. Kila mara alirudi kwake na teke la mgongo. Jamani, alilia yule!

Siku ya nne akaja amevaa futi ya kupimia shingoni.

"Shikamooni, waheshimiwa! Kamati kubwa hivi, kila mtu na nguo yake? Aibu! Nitawashonea sare, bure."

"Bure?" Fisi akaruka.

"Bure kabisa! Ila sare ina masharti. Wenye sare moja ni kitu kimoja. Mmoja asisikie asichosikia mwenzake, asione asichoona mwenzake. Umoja ni nguvu, au nasema uongo?"

"Kweli tupu!" wakajibu kwa pamoja, na wakajipenda sana walivyojibu.

Sare zikashonwa, za kijani, vifungo sita kila moja. Kamati ikaketi mlangoni pa ghala kufanya kikao. Huku nyuma, Panya akaanza kutoboa ukuta. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Sikio la Punda likasimama wima. "Bi Twiga, umesikia kitu?"

"Mimi? Hapana."

"Bwana Fisi?"

"Wala."

"Basi na mimi sijasikia," akasema Punda, akalikunja sikio lake.

Kesho yake Fisi akashtuka. "Mbona nanusa karanga za kukaanga upande wa kwa fundi?"

Wenzake wakavuta pumzi, fu! fu! Hawakupata harufu yoyote.

"Labda ni jasho langu," Fisi akanywea.

Siku ya tatu Twiga aliwaona watoto saba wa Panya, matumbo ndi! wakiburuta gunia la mwisho. Akafungua mdomo. Akawatazama wenzake wafupi, ambao hawakuona ila ua uliozunguka ghala. Akaufunga.

"Tuendelee na ajenda," akasema.

Mvua ya kwanza ikanyesha, kijiji kikaja na vikapu kuchukua mbegu. Mzee Tembo, mkuu wa kijiji, akasukuma mlango. Lo! Maganda matupu.

"Hamkujua?" akanguruma.

"Mimi nilisikia!"

"Mimi nilinusa!"

"Mimi niliwaona kabisa!"

"Sasa mbona hamkusema?"

Kila mmoja akachezea vifungo vyake. Mwishowe Punda akajibu kwa sauti ndogo, "Tulikuwa tumevaa sare, mzee."

Panya Buku alikuwa keshahama, cherehani kichwani, watoto nyuma wakicheua.

Nami karanga zangu za kusimulia zimekwisha, nimebaki na ganda hili, lichukueni: ukipewa ulinzi kwa ajili ya masikio yako, usiyakunje ili ufanane na wenzako.