Bonde Lililobaki Kijani

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni mimi nitanyamaza na nyinyi ndio mtakaosema.

Katika nyanda za Dakota, enzi wageni walipokuwa wakigawana ardhi ya magharibi ya Marekani, bonde moja lenye nyasi nzuri lilikuwa na majirani watatu wasioamkiana. Wiyaka, mwanamke wa Kilakota, alijua kusoma upepo na moshi. Farasi wa ukoo wake walikula nyasi za bondeni tangu kabla ya mgeni yeyote kufika. Ragnhild, mjane kutoka Norwei, hakuwa na mpinzani kwa plau. Serikali ilimpimia bonde lile, naye akalizungushia seng'enge. Silas alizaliwa mtumwa. Kwa bwana wake alichoma mashamba ya miwa mpaka akaujua moto na hila zake zote. Sasa alikuwa huru, na mahindi yaliyosimama kando ya bonde yalikuwa yake mwenyewe.

Mahindi hayo yakikaribia kuvunwa, nyika ikashika moto.

Wiyaka ndiye aliyeuona moshi. Angeweza kuvuka mto na watu wake, akawaacha wenye seng'enge wateketee. Hakuvuka. Alimkimbiza farasi wake hadi mlangoni kwa Silas.

"Upepo umegeuka!" alipiga kelele. "Moto unakuja huku!"

Farasi akaanguka pale pale, akafa.

Ragnhild naye aliposikia kelele hizo, akafunga maksai wake wawili kwenye plau, akalima mkanda mpana wa udongo mtupu kuzunguka bonde huku cheche zikimwangukia. Maksai mmoja alikufa kwa moshi. Ragnhild akaendelea na yule mwingine, mikono ikimbabuka.

Lakini moto ule ulikuwa mrefu, ungeuruka mkanda. Silas akaona la kufanya: kilichokuwa mbele ya mkanda kiungue kwanza, moto ukifika ukose chakula. Na kilichokuwa mbele ya mkanda ni mahindi yake.

"Subiri kidogo," Ragnhild alimsihi.

"Nikisubiri tunakufa sote."

Akawasha. Alikimbia na mwenge mstari hadi mstari, akilia kama mtoto.

Moto ukafika, ukakosa chakula, ukazimika. Watatu wale wakaketi kwenye majivu, wakanywa maji ya ndoo moja. Silas akadhani uadui umekwisha.

Kisha wakatazama. Kote kulikuwa kweusi, isipokuwa bondeni. Theluji ilikuwa njiani, na nyasi zile zingetosha kuivusha baridi mifugo ya nyumba moja tu. Wakigawana, ya wote ingekufa.

"Ni langu," alisema Ragnhild. "Bila mkanda wangu lisingekuwepo."

"Lako?" Wiyaka akacheka bila furaha. "Mama yangu amezikwa humo. Na bila mimi ungeungua ukikamua ng'ombe."

Silas alitaka kuwatuliza. Badala yake akajisikia akisema, "Nyinyi mmepoteza mnyama mmoja mmoja. Mimi sina hata punje ya kumlisha mke wangu, tumebaki na ng'ombe wetu tu. Nyasi ni zangu."

Ragnhild akaenda kuchukua bunduki. Wiyaka akaenda kuwaita kaka zake. Silas akabaki peke yake, akaziangalia nyasi zile mbichi, akatamani zingeungua pamoja na zingine.

Mmoja alileta habari, mmoja alilima, mmoja alichoma chakula chake. Wanarudi sasa hivi, na kila mmoja anasema kweli. Haya, wewe uliyeketi hapo, ungempa nani bonde?