Mjamzito wa Ndani ya Nailoni

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo. Jina lake Kihwelo, na kazi yake ilikuwa kuongoza Kitengo cha Kuwezesha Utafiti katika chuo kimoja cha ukunga. Chuo kilikuwa mlimani, na kando yake palikuwa na hospitali, ambako wanafunzi walikwenda kujifunza kuzalisha.

Ikatokea kwamba wafadhili wakakiletea chuo mwanasesere. Hakuwa wa kubembelezwa na watoto. Alikuwa mashine yenye umbo la mwanamke mjamzito: alipumua, aliguna, alishikwa na uchungu, na ukimkosea alitokwa na damu ya rangi mpaka skrini iliyo kando yake ikaandika kwamba amekufa. Hapo unabonyeza kitufe, anafufuka, mnaanza upya. Huo ndio ulikuwa mchezo wenyewe. Waliomuunda walitaka mkunga akosee kwake, akosee tena, amuue kadiri awezavyo, ili siku atakapomshika mwanamke wa kweli awe amekwisha maliza makosa yake.

Kihwelo akampokea kwa heshima zote. Akamweka katika chumba kipya, akamwacha ndani ya nailoni aliyokuja nayo, akafunga utepe mlangoni. Maana katika chuo kile kitu hakikuwa kitu mpaka mgeni rasmi akizindue. Mgeni wa kwanza alialikwa, akakubali, kisha uteuzi wake ukatenguliwa keki ikiwa tayari mezani. Wa pili, baada ya vikao, alionekana mdogo kwa cheo, mashine ilimzidi. Wa tatu alipata nafasi siku ambayo mpiga picha hakuwa nayo. Jua likaufifisha utepe, ukanunuliwa mwingine. Na kila ripoti ya kitengo iliandika kwamba kifaa kiko katika hali nzuri kabisa, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Palikuwa na mwalimu wa ukunga, Nakiete, aliyewaona wanafunzi wake wakijibu vizuri sana mtihani wa mama anayevuja damu, halafu wakifika wodini mikono inawatetemeka. Akataka kutafiti jambo moja: je, mkono uliocheza hutulia kuliko mkono uliosoma tu? Akaenda kitengoni kuomba chumba kile.

Hakukataliwa. Aliwezeshwa. Alialikwa kwenye semina ya namna ya kuomba kuwezeshwa. Akatakiwa aeleze mapema atakachogundua, ili kitengo kijue kama jambo hilo linafaa kugunduliwa. Akapewa kitabu cha maelekezo chenye picha za mwanasesere, mbele na nyuma, akae nacho wakati anasubiri. Mwisho akachoka, akamfuata Kihwelo mlangoni penyewe, siku chumba kilipofunguliwa kifutwe vumbi.

Aliyefuta vumbi ni Mwajabu, mwanamke wa usafi, naye alikuwa na mimba kubwa. Kihwelo alikuwa akimwinulia utepe kwa vidole viwili apite chini yake, na kwa tumbo lile kuinama ilikuwa shughuli. Katika chuo kizima ni yeye peke yake aliyekuwa akimgusa mwanasesere, tena juu ya nailoni, na alikuwa na desturi ya kumsemesha.

"Mwenzangu, bado tu?" alimwambia siku ile, akimpangusa tumboni. "Mimba gani hii ya kukaa kwenye mfuko kama mkate? Haya, kaa. Mwenzio nakupita hivi hivi."

Hata Kihwelo alicheka. Nakiete hakucheka.

"Mkuu, nipe asubuhi moja tu na wanafunzi wangu," alisema. "Wacheze naye, mimi niwatazame."

Kihwelo aliacha kucheka. "Mwalimu," alisema, "hiki si kitu cha kuchezea."

Akafunga mlango, akaunyoosha utepe.

Mwajabu alishikwa na uchungu mchana wa siku ile ile, akiwa kazini, akatembea mwenyewe mpaka hospitali. Aliyempokea alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi wa Nakiete, aliyeongoza darasa zima. Mtoto alitoka salama, analia. Kisha damu ikaja, nayo haikusimama. Msichana alijua la kufanya. Angeweza kukwambia hatua zote bila kuruka neno. Kichwa kilikariri, mikono ikaganda, kwa kuwa mikono haikuwa imewahi kufika mahali pale. Nakiete aliitwa kutoka darasani, akaja mbio, akaingiza mikono yake mwenyewe. Alichelewa kidogo tu. Akiwa bado ameinama, alijikuta anatazama kando ya kitanda, na hapakuwa na kitufe.

Msichana yule hakurudi tena chuoni.

Msiba huvuta wakubwa. Mgeni wa cheo kinachostahili alikuja kutoa pole, na mpiga picha wake alikuwa naye. Kihwelo akaona si vizuri aondoke bila shughuli. Watu wakakusanywa mbele ya chumba. Mama yake Mwajabu akapewa kiti cha mbele, amempakata mjukuu. Mgeni akaomba wasimame kimya kwa dakika moja kumkumbuka marehemu, mchapakazi. Wakasimama. Kisha akakata utepe. Makofi yalimwamsha mtoto, akalia, bibi yake akaombwa atoke naye nje kidogo ili hotuba isikike. Mgeni akaifunua nailoni upande wa kichwani, akamgusa mwanasesere kwenye paji la uso, akatamka kwamba sayansi sasa imefika mlimani.

Magari yalipoondoka, Nakiete akasimama mlangoni na kunyoosha kiganja apewe ufunguo. Kihwelo alikuwa bado ndani. Alikuwa akiirudisha nailoni, akiichomekea vizuri chini ya mabega, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Vumilia kidogo, Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Vumbi la hapa unalijua. Na tangu Mwajabu atutoke, hatujapata mtu wa kufuta."

Sasa nawauliza, enyi wenye funguo: mnaowakataza wanafunzi wasikosee kwa mwanasesere, mmewapa mwili wa nani?