Alama za Mbaruku

Asubuhi ya mtihani wa kuajiriwa serikalini, Mbaruku, mpwa wa mkurugenzi wa ajira, alimwambia Siwema, "Utakaa mbele yangu. Ukiziba karatasi, mjomba atalikata jina lako."

Siwema hakuiziba. Alisiliba vijiduara vya majibu yote mia kwa penseli. Mbaruku akanakili herufi kwa herufi, akakabidhi karatasi yake mapema, akaenda kunywa chai.

Mchana alimngoja Siwema getini. "Hesabu unaziweza, nikadirie alama. Jibu sahihi unapata moja, ukikosea unakatwa moja."

Siwema akafikiri kidogo. "Una hasi mia."

"Na wewe?"

"Mia kamili."

"Haiwezekani. Nimenakili yako yote."

"Najua, kaka. Ila ulitoka mapema mno. Nilikuwa bado sijashika ufutio."