Kiboko Alisikia Ting

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Sema wewe mwenye hadithi, sisi tumekuja kusikiliza."

Haya, msinigombeze. Pakawa na kiangazi, pakawa na bwawa moja, na ndani ya bwawa pakawa na Kiboko, tumbo kama ghala. Akasema bwawa ni lake. Maji yake, tope lake, hata vyura wake.

Akamwajiri Pimbi, mama wa watoto watatu, kamnyama ka kutosha kwenye kapu. Akamketisha kibandani ukingoni, mbele ya kompyuta.

"Ngozi yangu haitaki jua," Kiboko akasema. "Nitazama, niache masikio tu. Wewe kila dakika tano tazama kama kuna anayeniibia maji. Kisha andika 'salama', bonyeza. Nisiposikia Ting, natoka nakukanyaga."

"Na maji ya wanangu, bwana mkubwa?"

"Kikombe kimoja, jioni."

Basi Pimbi akakaa. Tazama, andika, bonyeza: Ting! Tazama, andika, bonyeza: Ting! Siku ya tatu vidole vimevimba, na mwanawe mdogo ana kiu hata kulia hawezi. Hapo Pimbi akachukia. Mimi pia ningechukia.

Akaichunguza ile kompyuta, akaona kumbe ukiiagiza mara moja inarudia yenyewe. Akaandika: *Toa salama. Rudia kila dakika tano. Usiache mpaka nikuambie.* Akabonyeza, akangoja kuhakikisha, maana miguu ya Kiboko aliijua.

Ting!

Pimbi huyoo, mbio kwa Muhanga, fundi wa kuchimba.

"Kaka, una kiu?"

"Dada, usiniulize mambo ya kuudhi."

"Basi lete makucha."

Wakachimba mfereji upande wa pili wa bwawa. Kwaru kwaru, kwaru kwaru. Maji chururu, yakateremka bondeni walikolala wanyama wote ndimi nje.

Kiboko akahisi mgongo unapigwa na upepo. "Pimbi, mbona maji yanapungua?"

Kimya. Kimya. Ting!

"Aa, salama," akasema, akajilaza.

Tumbo nalo likatokeza. "Pimbi, una hakika?"

Kimya. Kimya. Ting!

"Mfanyakazi mzuri huyu," akasema. "Kesho nitampa nusu kikombe, asije akavimba kichwa."

Jioni ikamkuta amekalia tope, vyura wamehama. Akajikokota hadi kibandani. Kiti kitupu.

"Pimbi yuko wapi?" akaiuliza kompyuta. Akasubiri jibu, kusubiri ameshazoea.

Ting!

Kule bondeni mtoto mdogo wa Pimbi alikuwa analia kwa sauti kubwa. Amekunywa kupita kiasi, tumbo linamuuma, na mama yake anacheka kwa furaha.

Hadithi yangu imekaukia hapa. Anayetaka zaidi akachimbe yake.

Na funzo lake ni hili, wanangu: ukiwa kazini usiondoke kwenye kiti chako. Pimbi aliondoka, na mmeona wenyewe yaliyomkuta.