Maktaba ya Nani

Sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu mwishoni nitauliza swali na sitamsaidia mtu kulijibu.

Huko milimani Taita, katika nyumba moja, waliishi watu watatu. Mwadime, kifungua mimba, alizaliwa na mwili usiomtii. Hakutembea wala hakutamka neno, ila alikuwa na kumbukumbu isiyopoteza kitu. Mama yake, Mkawasi, alikuwa na subira: alimtajia herufi moja moja, na mwanawe akainua macho kwenye ile aliyoitaka. Mghoi, dada mdogo wa Mwadime, alikuwa na kalamu. Kwa miaka kumi na mitano aliandika vitabu vitano kuhusu maisha ya nyumba yao, mpaka akawa mwandishi wa kuhojiwa redioni.

Kitabu cha sita ndicho kilicholeta matata.

Asubuhi moja Mwadime alianza kusimulia jambo jipya. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, wanajumuiya wa kanisa walikuja kusali nyumbani kwao. Yeye alifungiwa stoo pamoja na magunia ya mahindi, na redio ikafunguliwa kwa sauti ili asisikike. Kulisema hilo kulimchukua siku tisa, na shingo ilimuuma hadi chakula kikamshinda. Angeweza kunyamaza. Alikuwa amenyamaza miaka thelathini.

Sasa, aliyezitoa herufi zile ni mama, na aliyeufunga mlango ule ni mama huyo huyo. Kwa kawaida hata subira yake ilikuwa na kikomo: akipata herufi tatu humalizia neno mwenyewe, mara nyingi visivyo, Mwadime akanuna. Safari hii hakumalizia hata moja. Angeweza kuweka neno jingine, na nani angejua? Alipofika mwisho alimwambia Mghoi, "Andika alivyosema, mwanangu. Usinisitiri."

Mghoi akaandika. Angeishia hapo angebaki safi, aibu yote ikawa ya mama. Lakini aliongeza ukurasa ambao hakuna aliyemwomba. Siku ile ile ya sala mgeni mmoja alimuuliza Mghoi, "Mko watoto wangapi hapa?" Naye, binti wa miaka saba, akajibu, "Ni mimi tu." Mwadime hakuwa akilijua hilo. Aliposomewa aligeukia ukutani kutwa nzima, na kesho yake akakubali ukurasa ubaki.

Kitabu kikatoka, kikasomwa mpaka makanisani. Kabla ya mwaka kwisha, watoto kumi na wanne ambao hata majirani hawakujua kama wapo walitolewa vyumbani na kupelekwa shule. Wazazi wao wakajenga maktaba, mlango wake mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, wakakubaliana iitwe kwa jina la mtu aliyewafungulia watoto wao. Jina moja tu, walisema, kwa sababu jengo la majina matatu huishia kuitwa "lile jengo".

"Liandikwe la kaka," alisema Mghoi. "Mimi nimejulikana kwa maisha yake. Inatosha."

"La Mghoi," alisema mama. "Mimi nikiandikwa pale, itakuwa nimetuzwa kwa kumfungia mtoto."

Wakamgeukia Mwadime. Mama akaanza kutaja herufi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo, ilimbidi ayatamke mwenyewe maneno haya: "La mama. Alinifungia siku moja. Siku nyingine zote amenisemea."

Mama alilia, na baada ya kulia akakataa kabisa.

Haya. Fundi yuko juu ya ngazi. Ameshaandika MAKTABA YA, na rangi inaanza kukauka kwenye brashi. Kuna aliyelisema jambo, kuna aliyelitoa likimuumbua mwenyewe, na kuna aliyeliandika pamoja na lake. Ukimtoa mmoja, watoto kumi na wanne bado wamefungiwa.

Wewe uliyeishikilia ngazi, fundi anakuuliza: ya nani?