Dumu Alilobebewa

Wapendwa, kabla hatujaendelea na somo letu, twende kwanza mtaroni. Ndiyo, mtaroni, msicheke. Kuna mtu amelala humo asubuhi hii, na baiskeli yake iko juu yake.

Mtu huyu ni mfugaji. Kila kukicha alikuwa akifunga dumu la maziwa kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, kisha anashuka mteremko mrefu kwenda kituo cha kupokelea maziwa cha chama chao. Ni mwanachama wa tangu zamani. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha, breki zikagoma, baiskeli ikamshinda kwenye kona, naye akajikuta chini, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Dumu lenyewe lilibaki limefungwa vilevile.

Sasa watazameni watu. Kijiji kile hakikuwa chake, wala hakuna aliyemjua. Lakini kabla hajamaliza hata kuugulia, mwanamume mmoja ameshakata matawi na kuyatandaza barabarani ili magari yapunguze mwendo. Mwingine amechomoa fito za ua wake mwenyewe, apate za kumfungia mguu. Na mama mmoja amevua kanga aliyojifunika mabegani, akaichana vipande vya kufungia fito zile. Kanga nzuri, mpya. Kina mama, ninyi mnajua kuichana kanga ya namna hiyo kunataka moyo gani.

Mfugaji akawa anawatazama mmoja mmoja. Maumivu yalikuwa makali, lakini alikuwa mtu wa kutaka kujua, ndivyo alivyoumbwa. Akawauliza kama wanamfahamu. Wakasema hapana. Akauliza kama labda wanamfahamu ndugu yake yeyote. Hapana. Sasa ni kwa nini wanafanya yote haya? Yule wa fito akamwambia anyamaze na aume meno, mguu unanyooshwa. Hilo ndilo jibu pekee alilopata.

Walipokuwa wakingoja gari la kumpeleka zahanati, yule mama wa kanga akaliona dumu. Naye alikuwa njiani kwenda kituo kilekile na kidumu chake kidogo. Alikuwa amejiunga na chama juzijuzi tu. Jua lilikuwa linapanda, na maziwa hayamngoji mtu. Akasema atalibeba.

"Niseme ni ya nani, kaka?" akauliza.

Mfugaji akafumba macho kidogo. "Usihangaike na jina langu, dada. Waambie ni yako. Tutajuana baadaye."

Watu wakatazamana. Hivi kuna mtu anaweza kumwamini mgeni kiasi hicho, hata maziwa yake amwachie yahesabiwe ya kwake? Naona na hapa kuna wanaotikisa vichwa kwa kumsifu. Mimi pia ningemsifu. Mama akajitwika dumu kichwani, akakishika kidumu chake mkononi, akaenda zake.

Mguu ukafungwa plasta. Siku zote alizolala kitandani, swali lilimganda mfugaji: wale watu walipata nini? Mkewe akamwambia ni Mungu aliyewatuma. Hakutosheka. Sawa, Mungu ametuma, lakini yule mwenye ua alikubalije kutumwa? Na palikuwa na jambo jingine lililokuwa likimkosesha usingizi, ambalo mkewe hakuambiwa.

Alipoweza kutembea kwa magongo, alinunua kanga mpya, akapakiwa kwenye pikipiki ya jirani, akaulizia ulizia mpaka akafika nyumbani kwa yule mama. Akamkuta uani, anamimina maziwa kwenye bakuli la mbwa. Mama alifurahi kumwona, akamwekea kiti, akamuuliza habari za mguu kabla ya kuuliza kilichomleta. Mfugaji akataka kujua mbona maziwa mazuri anapewa mbwa.

Mama akamweleza, wala hakulalamika. Pale kituoni, maziwa ya wanachama wa zamani hunuswa tu na kumiminwa kwenye tangi. Ya wageni hupimwa kwa kile kijiti cha kioo kinachoelea. Kidumu chake kilipimwa kikapita. Dumu lile kubwa lilipopimwa, likaonekana lina maji. Akajieleza kwamba si lake, ni la mtu aliyeanguka njiani. Wakamuuliza jina la mtu huyo, hakuwa nalo. Wakacheka, wakasema kila anayetia maji huwa na mtu wake aliyeanguka. Wakamfuta chamani. Hata lawama ya tangi zima lililokuwa limekataliwa na kiwanda kabla hajajiunga, akabebeshwa yeye.

"Lakini nilikutetea, kaka," akamwambia. "Niliwaambia maji yaliingia mtaroni, si ulianguka mvua imetoka kunyesha?"

Wapendwa, kifuniko cha dumu lile kilikuwa kimekazwa barabara. Halikuingia tone la mtaroni. Mfugaji yule alikuwa akiongeza kata ya maji nyumbani kwake, asubuhi baada ya asubuhi, miaka nenda miaka rudi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa siku nyingi, dumu lake lilinuswa tu likapita. Pale mtaroni mguu ulivunjika, akili haikuvunjika. Alijua dumu likifika bila mwenyewe litapimwa. Ndiyo maana alilificha jina lake. Kile tulichokisifu kuwa ni kumwamini mgeni, kilikuwa ni kumtwisha mgeni.

Na mama wa watu hajui. Yuko jikoni anamtengenezea chai, chai ya maziwa yaleyale yaliyokosa pa kupelekwa. Mfugaji akameza funda moja, akakishusha kikombe. Alikuwa amekuja kumuuliza kwa nini alimsaidia, akaona hana tena mdomo wa kuuliza.

Angeweza kushukuru. Kanga ilikuwa kwenye mfuko, magotini pake. Angeitoa, mama angefurahi, angemwombea na mguu upone upesi, wangeagana vizuri. Nani angejua? Alikaa na mfuko ule kwa muda mrefu, ana aibu, ana hofu ya kukipoteza chama alichokitegemea kuishi. Kisha akauweka chini, akamwomba mama waende wote kituoni kabla watu hawajatawanyika.

Mpokeaji wa maziwa alimlaki kwa furaha. Akampa pole ya ajali mbele ya foleni yote, akamwita nguzo ya chama.

"Dumu lile lilikuwa langu," mfugaji akasema. "Na maji yalikuwamo kabla sijaanguka."

Alifutwa siku hiyohiyo, na mama akarudishiwa nafasi yake. Na mama je? Hakusema amemsamehe, wala hakumtukana. Alimtazama, machozi yakamlenga, kwa sababu iliuma, kwa nini isiume? Ila mfugaji alipogeuka kuondoka, gongo likateleza kwenye tope, na mama akawa wa kwanza kumdaka.

"Shika bega langu," akamwambia. "Hapa panateleza."

Ndugu zangu, sisi kushukuru tunajua sana. Tukisaidiwa, tunapeleka zawadi, tunasimama hapa mbele kutoa ushuhuda, tunapigiwa makofi. Lakini ni nani aliyebeba dumu letu? Yuko binti wa kazi aliyerudishwa kwao kwa kosa la mtoto wetu, nasi tulijua, tukamfungashia nguo akaondoka. Yuko mwenzetu kazini aliyepewa barua ya onyo iliyokuwa yetu, na jioni tukamnunulia soda kumpa pole. Yuko mke, yuko mume, anayetutetea kwa majirani, anasema maji yaliingia mtaroni. Mtu huyo hana shida na kanga yetu. Anangoja tuseme maji ni ya nani.

Nawaomba tusimame kwa wimbo. Lakini wewe unayejua dumu lako liko kichwani kwa nani, usiimbe. Mlango uko wazi, nenda kwake sasa hivi. Wimbo tutauimba sisi tutakaobaki, kama atabaki mtu.